Swali la Kumi na Nne

Nilipewa fomu thelathini, kalamu mbili,
na koti la idara lisiloijua baridi ya Wałbrzych.
Moja ni *sikubali kamwe*, tano ni *nakubali kabisa*.
Kubishana si kazi yangu.
Kazi yangu kuzungushia duara.

Ghorofa ya nne. Lifti imekufa tangu Pasaka.
Zdzisław Korbas, miaka ishirini na sita chini ya ardhi,
hata mgodi ukafungwa, lango lake likauzwa kwa kilo.
Anakohoa kwanza, ndipo anakaribisha.
Mkewe Bogumiła anamenya viazi,
maganda membamba hivi kwamba mwanga wa dirisha
unapenya na kutoka upande wa pili.

*Mtoto afunzwe kutii kabla ya kufunzwa kuuliza.*
"Tano," asema. "Sita hamna?"
Nchi ishikwe na mkono mmoja wenye nguvu?
Tano.
Magazeti yakivuruga yafumbwe midomo?
Tano, tano. Andika, usinitazame.
Nazungushia. Maduara yanafuatana
kama pete za mnyororo.

Kisha ananiuliza yeye,
nami sina kisanduku cha kuandikia:
"Binti, umewahi kushuka mita mia sita?
Kule msimamizi akisema lala, unalala.
Józek alisema *kwa nini*.
Hakulimaliza. Paa lilimmalizia."
Kisu cha Bogumiła kinasimama, kinaendelea.

Na chini ya meza, muda wote huo,
mjukuu anaifungua redio kwa bisibisi:
babu, hii nini? Na hii? Na hii ikikatika?
Na mzee wa tano tano anainama na kifua chake kibovu,
anajibu, anajibu,
hakuna swali hata moja analolirudisha.
Nalo hilo sikuwa na pa kuliandika.

Jioni, ng'ambo ya msitu, nyumba ya vioo.
Bi Eleonora Wiśnicka ana kiwanda cha mikanda ya magari,
na kinanda ambacho hakuna anayekipiga.
"Moja," asema, kabla sijalimaliza swali. "Moja, bila shaka.
Mwanangu nilimwacha achague mwenyewe hata jina la mbwa."
Anasahihisha koma katika fomu yangu.
"Uhuru, mpenzi, ni hewa."
Simu inaita. Anainua kidole, nami nanyamaza.
"Zamu ya usiku? Wote. Hapana, wasielezwe,
maelezo huzaa maelezo."
Sauti ile ingemtoa nyoka pangoni.
Msichana wa chai anapita na makubadhi ya sufi,
amevalishwa ili nyayo zake zisisikike.
"Tulikuwa wapi?"
Swali la kumi na nne, mama.
"Ah. Moja."

Nilipotoka alinifungia keki katika karatasi ya dhahabu.
Niliila yote kituoni, kwa njaa na kwa hasira,
na ilikuwa tamu.

Wrocław, chumba cha semina. Profesa Ludomir
amechora mstari ukutani,
unashuka taratibu kutoka kwa fukara hadi kwa tajiri.
"Tazameni. Mapenzi ya mjeledi yanakaa chini."
Wakaandika wote. Kalamu zilisikika kama mvua.

Nikanyoosha mkono.
Nikasema: tumewauliza wapendao amri.
Anayezitoa, tumemuuliza nini?
Mtu asiyehitaji kupaza sauti,
ambaye mlango wake hujifungua wenyewe,
mkono wa chuma atautakia nini,
naye ana wa hariri unaofanya kazi ileile?
Na yule aliyeona swali likiua mtu,
tunamwita mpenda mjeledi,
au tunamwita shahidi?

Profesa aliivua miwani, akaifuta, akairudisha.
"Swali hilo halimo katika fomu," akasema,
bila ukali wowote,
"nawe hukuajiriwa kuongeza."

Nililipwa kwa fomu. Zilibaki kumi na moja.
Nikaketi.
Koti lao lilikuwa bado mgongoni mwangu.